Kuhamisha Umbo bila Kulibadili: Historia ya Dhana ya Uhamisho katika Jometri na ya Maneno Yanayoibeba

1. Utangulizi

Katika jometri, kuhamisha umbo ni kuisogeza kila nukta ya umbo hilo kwa umbali uleule na kuelekea upande uleule. Tuchukue pembetatu yenye ncha zake katika (1, 2), (4, 2) na (1, 6). Ikihamishwa hatua 5 kulia na hatua 3 chini, ncha zake zitakuwa (6, −1), (9, −1) na (6, 3). Pande zake zilikuwa na urefu wa 3, 4 na 5. Baada ya uhamisho bado zina urefu wa 3, 4 na 5. Pembe hazikupanuka wala kupungua. Hata mwelekeo wa kila upande haukubadilika, kwani kila upande mpya ni sambamba na ule wa zamani. Kilichobadilika ni mahali tu.

Mwanafunzi wa leo hufanya hesabu hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kabla wanadamu hawajaweza kuieleza kwa wepesi huo. Palikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kifalsafa: je, mwendo una haki ya kuingia katika jometri? Cha pili kilikuwa cha ufundi: palihitajika njia ya kuitaja nukta kwa namba. Juu ya hivyo viwili kuna suala la tatu, linalowahusu wanaisimu kwa namna ya pekee, nalo ni suala la maneno. Dhana hii imepita katika Kigiriki, Kiarabu, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza kabla ya kubisha hodi katika Kiswahili, na kila lugha iliipa sura yake. Makala haya yanafuata safari hiyo, kisha yanauliza Kiswahili kina akiba gani ya kuipokea.

2. Euclid na aibu ya mwendo

Euclid, aliyeandika Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alikusanya jometri ya zamani zake katika vitabu 13. Katika kauli ya nne ya kitabu cha kwanza anathibitisha kwamba pembetatu mbili zenye pande mbili zinazolingana, pamoja na pembe iliyo kati ya pande hizo, zinalingana kabisa. Uthibitisho wake ni wa ajabu kidogo: anaichukua pembetatu ya kwanza na kuiweka juu ya ya pili, kisha anaonyesha kwamba zinafunikana.

Kuichukua na kuiweka ni kuihamisha. Lakini hakuna mahali popote katika misingi aliyoitanguliza ambapo Euclid amempa msomaji ruhusa ya kuhamisha kitu. Ameruhusu kuchora mstari ulionyooka, kuurefusha na kuchora duara. Kubeba umbo zima hakumo. Inaonekana yeye mwenyewe hakuifurahia njia hiyo, maana ameitumia mara chache sana, hata pale ambapo ingemfupishia kazi. Sababu yake si ngumu kukisia. Katika mafundisho ya Aristotle, vitu vya hisabati huwazwa pasipo mwendo. Mwendo ni mali ya elimu ya maumbile. Namba haitembei, na pembetatu vilevile.

Dosari hiyo haikusahauliwa. Mnamo 1557 Jacques Peletier, msomi wa Kifaransa, alipotoa toleo lake la Euclid, aliukataa uthibitisho wa kuwekeana maumbo. Na David Hilbert alipoijenga upya misingi ya jometri mwaka 1899, hakujaribu kuithibitisha kauli ile ya nne kwa mwendo: kiini chake alikikubali tangu mwanzo kuwa ni msingi usiothibitishwa. Kwa hiyo hatua ambayo Euclid aliipitisha kimyakimya ilipata hati yake baada ya karne 22.

3. Baghdad: wafasiri wa vitabu na wahamishaji wa mistari

Kitabu cha Euclid kiliingia katika Kiarabu wakati wa makhalifa wa Abbasi. Al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar alikifasiri mara mbili, kwanza wakati wa Harun al-Rashid na baadaye wakati wa al-Ma'mun. Kisha ikaja tafsiri ya Ishaq ibn Hunayn, iliyosahihishwa na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901. Huyu Thabit anastahili kuangaliwa kwa makini. Hakuwa mtu wa kuhamisha maneno peke yake. Katika maandishi yake kuhusu mistari sambamba aliutumia mwendo waziwazi kuwa ni chombo cha kuthibitishia.

Aliyeipeleka njia hiyo mbali zaidi ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra yapata mwaka 965, aliyefariki yapata mwaka 1040. Aliuwaza mstari mfupi uliosimama wima juu ya mstari mrefu, kisha akautembeza ule mfupi juu ya mrefu, ukiwa umesimama wima wakati wote na urefu wake haubadiliki. Alidai kwamba ncha ya juu itachora mstari ulionyooka. Kutokana na hapo alitumaini kuithibitisha kauli ya Euclid kuhusu mistari sambamba, ambayo iliwasumbua wanahisabati tangu zamani.

Omar Khayyam, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi tu, alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1077 kuhusu matata ya misingi ya Euclid. Aliuliza mwendo una uhusiano gani na jometri, na ni nini kinachouhakikisha mstari ule kubaki wima unapotembea. Pingamizi hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kongo, nchi inayokatwa na Ikweta, unaweza kulifafanua. Juu ya uso wa dunia, Ikweta ni njia iliyonyooka, kwa maana kwamba ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya nukta zake zilizo jirani. Tuwaze kamba iliyotandazwa kutoka Ikweta kuelekea kaskazini, ikiifanya Ikweta pembemraba, kisha tuitembeze kuizunguka dunia. Ncha yake ya kaskazini itachora duara la latitudo. Duara hilo si njia iliyonyooka katika uso wa dunia, wala urefu wake haulingani na ule wa Ikweta: kamba ikifika latitudo ya digrii 60, ncha itatembea nusu tu ya umbali utakaotembewa na mguu wa kamba.

Basi madai ya Ibn al-Haytham ni kweli katika bapa la Euclid, lakini ni kweli kwa sababu bapa hilo tayari linaifuata kauli ya mistari sambamba. Alichotaka kukithibitisha kilikuwa kimekwisha kujificha ndani ya mwendo wenyewe. Hilo ni fundisho la kudumu: uhamisho, ambao kila nukta husafiri umbali uleule kuelekea upande uleule, hauwezekani katika kila uwanja. Kule kuwezekana kwake ni sifa ya bapa.

4. Nukta yapewa namba

Kizuizi cha pili kiliondolewa katika karne ya 17. Mwaka 1637, huko Leiden, René Descartes alichapisha kitabu chake kuhusu mbinu ya kufikiri, na mwishoni akaambatisha insha ya jometri. Kazi yote iliandikwa kwa Kifaransa, ingawa lugha ya wasomi wakati huo ilikuwa Kilatini. Katika miaka hiyohiyo Pierre de Fermat aliisambaza kwa mkono kazi yake yenye wazo lilelile. Hiyo haikupigwa chapa hadi 1679, baada ya kifo chake. Wote wawili waligundua kwamba mstari uliopinda unaweza kuelezwa kwa mlinganyo, na mlinganyo ukachunguzwa kwa aljebra.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mihimili miwili inayokatana kwa pembemraba, kama inavyochorwa leo ubaoni, ilitoka katika kalamu ya Descartes. Yeye hakuwa na mhimili wa pili uliowekwa wazi, na hakuzitumia namba hasi kutaja mahali pa nukta. Mfumo ulikua polepole. Frans van Schooten aliitafsiri insha hiyo kwa Kilatini mwaka 1649 na kuifafanua, na ni kwa tafsiri hiyo, zaidi kuliko kwa Kifaransa cha asili, kwamba wanahisabati wa Ulaya waliisoma. Leibniz alilitumia jina la Kilatini lililozaa neno «coordonnées» mwaka 1692. Newton, katika kazi iliyochapishwa 1704 kuhusu mistari ya daraja la tatu, alizitumia pande zote nne za bapa, hasi na chanya. Mwaka 1748 Leonhard Euler, katika juzuu ya pili ya utangulizi wake wa uchanganuzi, alieleza kwa utaratibu jinsi mlinganyo unavyobadilika mihimili inapohamishwa au kuzungushwa.

Hapo uhamisho ukawa jumlisho. Nukta (x, y) inakuwa (x + a, y + b), basi. Lakini wepesi huo una mtego unaowanasa wanafunzi kila mwaka. Mstari uliopinda wenye mlinganyo y = x², ukihamishwa hatua 3 kulia, mlinganyo wake mpya si y = (x + 3)², bali ni y = (x − 3)². Alama imegeuka kwa nini? Kwa sababu mlinganyo unaiuliza nukta mpya swali kuhusu asili yake. Nukta iliyopo sasa katika x ilitoka katika x − 3, na huko kwao ndiko sharti la zamani lilikotimizwa. Vivyo hivyo, kulisogeza umbo kulia kunatoa matokeo yaleyale na kuisogeza mihimili kushoto. Abiria aliye ndani ya garimoshi huiona miti ikirudi nyuma. Aliyesimama chini ya mti huliona garimoshi likienda mbele. Namba za wote wawili ni zilezile, zinatofautiana kwa alama.

5. Kutoka umbo hadi mgeuzo

Katika karne ya 19 macho ya wanahisabati yaliliacha umbo lenyewe yakaugeukia uhamisho. Giusto Bellavitis wa Italia, katika miaka ya 1830, aliihesabu mistari yenye urefu, usambamba na mwelekeo sawa kuwa ni kitu kimoja. Michel Chasles alionyesha mwaka 1830 kwamba kila badiliko la mahali la kitu kigumu linaweza kuletwa na mzunguko mmoja pamoja na uhamisho mmoja. William Hamilton, baada ya ugunduzi wake wa 1843, alilipa jina la vekta lile linalobeba urefu na mwelekeo kwa pamoja. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mchukuzi.

Felix Klein ndiye aliyefunga hesabu. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 23, alitoa huko Erlangen mpango wake maarufu. Alisema kwamba kila jometri ni uchunguzi wa sifa zinazobaki bila kubadilika chini ya kundi fulani la mageuzo. Uhamisho unaunda kundi la namna hiyo. Uhamisho ukifuatwa na uhamisho, jumla yao ni uhamisho. Kila uhamisho una kinyume chake kinacholirudisha umbo lilikotoka. Na upo uhamisho wa sifuri, unaoliacha umbo lilipo. Zaidi ya hayo, utaratibu wa kutangulia na kufuata haudhuru: kwenda kulia kisha juu ni sawa na kwenda juu kisha kulia. Mzunguko na uhamisho vikichanganywa, sifa hiyo ya mwisho hupotea.

Kwa Klein, swali la zamani liligeuzwa. Euclid alisitasita kuhamisha, kwa hofu ya kuharibu usawa wa maumbo. Klein akajibu kwamba usawa wa maumbo hauna maana nyingine isipokuwa hiyo: maumbo ni sawa ikiwa kuna mgeuzo halali unaolipeleka moja juu ya jingine. Na pingamizi la Khayyam likapata jibu pia, kwani uhamisho wa siku hizi si mwendo. Hauna wakati wala kasi. Ni uhusiano unaoipa kila nukta ya bapa mwenzake mmoja.

6. Ushahidi wa raffia

Historia ya vitabu isiwafanye wasomaji wasahau kwamba mikono ilijua uhamisho kabla ya kalamu. Anayesuka ukili wa mkeka hurudia pambo lilelile kwa umbali uleule, mara kumi, mara mia. Kundi la uhamisho limo katika vidole vyake.

Kwa upande wa Kongo, ushahidi ulio bora unatoka kwa Bakuba wa Kasai, mabingwa wa vitambaa vya raffia vilivyotariziwa na wa michongo ya mbao. Mwanahisabati wa Marekani Donald Crowe aliyachunguza mapambo hayo katika makala ya mwaka 1971. Nadharia ya makundi inathibitisha kwamba pambo linalojirudia katika ukanda haliwezi kuwa na mpangilio wa aina zaidi ya 7, na linalojirudia kulijaza bapa zima haliwezi kupita aina 17, idadi ambayo Evgraf Fedorov wa Urusi aliithibitisha mwaka 1891. Katika sanaa ya Bakuba, Crowe aliziona aina zote 7 za ukanda, na aina 12 kati ya zile 17 za bapa.

Hiyo haimaanishi kwamba mtarizi wa Kikuba alikuwa na nadharia ya makundi kichwani. Kati ya kutenda na kuthibitisha kuna umbali. Lakini inamaanisha kwamba mwalimu wa Kongo anayetaka kuonyesha uhamisho, uakisi na mzunguko hana haja ya kungoja picha kutoka ng'ambo. Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba usukaji na michoro ya mchangani ya Wachokwe inaweza kuwa mlango wa kuingilia katika hisabati.

7. Suala la maneno

Kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba kitu kutoka upande huu hadi ule kilizaa jina «translatio». Kiingereza kimerithi neno hilo kwa kazi zote mbili, kuhamisha umbo na kufasiri maandishi. Kifaransa kimegawa: «translation» imebaki kwa jometri na fizikia, na kwa lugha imekaa «traduction», Étienne Dolet, katika kitabu chake cha mwaka 1540 kuhusu namna ya kufasiri vizuri, tayari anakitumia kitenzi cha neno hilo la pili. Kiarabu nacho kilikuwa na «naql», lenye maana ya kubeba na pia ya kufasiri. Kwa neno hilo kazi ya wafasiri wa Baghdad iliweza kuitwa kazi ya uchukuzi.

Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu kwa namna yake. Kutoka «naql» kimepata kunakili, ambako si kubeba wala kufasiri bali ni kutoa nakala. Kwa kazi ya lugha kimechagua tafsiri, ambalo asili yake ni ufafanuzi, hasa wa Kurani. Kwa Mswahili, basi, mwenye kutafsiri hachukui mzigo, anafungua maana. Ndiyo sababu kusema «tafsiri ya pembetatu» ni upuuzi. Hata hivyo, kosa hilo humnyemelea yeyote anayeitegemea kamusi ya Kiingereza pasipo kuuliza ni fani gani inayozungumzwa.

Neno uhamisho limetokana na mzizi wa kibantu. Anayehama huondoka na vyombo vyake vyote, na nyumba inabaki tupu. Mtumishi wa serikali anayepata uhamisho hubaki mtu yuleyule katika kituo kipya. Mfano huo wa pili unaifaa jometri vizuri sana. Wa kwanza unahitaji tahadhari, kwa kuwa katika hisabati umbo la asili haliondoki: lipo, na taswira yake ipo.

Neno majira lina historia tamu zaidi. Katika hesabu za shule za msingi za Tanzania, jozi ya namba inayotaja mahali pa nukta huitwa majira ya nukta. Wengi wanalijua neno hilo kwa maana ya wakati wa mwaka. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mapito, na mabaharia wa pwani walilitumia kwa njia ya chombo baharini. Nahodha ashikaye majira anajua alipo na aendako pasipo alama yoyote juu ya maji. Neno la namna hiyo halikuazimwa kwa jometri, lilikuwa likiingojea.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kitenzi kugeuza. Kugeuza ni kuzungusha, na kugeuza pia ni kubadili. Mwalimu akiwaambia wanafunzi «geuzeni umbo», mmoja atalizungusha, mwingine atalibadili. Bali uhamisho haufanyi lolote kati ya hayo mawili. Ingefaa mgeuzo libaki kuwa jina la jumla la aina zote, na kila aina ipewe jina lake lisiloingiliana na jingine: uhamisho, mzunguko, uakisi.

8. Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na tangu mkutano wa wanaisimu wa Zaire uliofanyika Lubumbashi mwaka 1974 matumizi ya lugha hizo katika elimu yamejadiliwa mara nyingi. Mjadala huo ukibaki katika kanuni za jumla, hautafika mbali. Utaamuliwa na mambo madogo: je, mwanafunzi wa Bukavu au wa Kalemie, anayeisoma «translation» kwa Kifaransa na kuwaza kwa Kiswahili, atapewa neno litakalomwonyesha kwamba umbo limekwenda bila kubadilika, au atapewa neno litakalompoteza?

Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba hakuna lugha iliyoipata dhana hii ikiwa tayari imekamilika. Wagiriki waliifanyia kazi bila kuikubali. Wasomi wa Kiarabu waliitumia na kuipinga. Descartes aliandika kwa lugha ya nyumbani akasomwa kwa tafsiri. Kila mmoja aliongeza kitu palepale ambapo lugha yake ilimlazimisha kueleza upya. Kiswahili kina hama, kina majira, na kina ukili unaosukwa hadi leo. Kilichobaki ni wanaisimu na wanahisabati kukaa meza moja, wayapange maneno hayo kwa usahihi, na kuyapeleka darasani.